Nyumba ya Kujipikia, Ng'ambo ya Mto

Espérance na mume wake, ambao tangu mwezi uliopita ndio wenye funguo, waliniomba niwaandikie namna nilivyoifanya kazi ya kulinda nyumba ya wageni. Nikasema nitawaonyesha kwa mikono. Espérance akanijibu: "Papa Anaclet, mikono yako utaenda nayo ku kwako. Karatasi itabakia." Basi nimenunua daftari. Mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Nitafuata siku zilivyokuja, na nisilolijua sitaliandika.

Nyumba yenyewe ni ndogo. Iko upande wa Lubunga, karibu nusu saa kwa mtumbwi kutoka kivuko cha mjini ukifuata maji: vyumba vitatu, baraza, jiko la nje lenye paa la bati, choo, na tanki la maji ya mvua. Mbele yake ni mto. Maji yanaposhuka, mchanga mweupe unatokea hadi mbali, na hapo ndipo familia za mjini zinakuja na watoto, magodoro ya ziada na redio. Patron Gaspard, mwenye nyumba, anauza mabati na saruji katika magazini, yaani duka lake, mjini. Aliwahi kuona nyumba ya namna hiyo safarini, akaipenda, akajenga yake. Yeye aliiita chalet, neno la Kifaransa la nyumba ya mapumziko. Watu wa Lubunga waliiita nyumba ya patron. Mgeni anaikodi nzima, anakuja na chakula chake, anajipikia, halafu anaosha vyombo. Hapana, haoshi. Hilo nitalifikia.

Kabla ya hapo nilikuwa mbeba mizigo Ubundu, kutoka kwenye boti hadi kwenye behewa. Treni ilipoanza kukaa wiki nyingi bila kuonekana, mizigo ikaisha, nikarudi mjini na mke wangu Sifa. Yeye ni mtu wa Maniema, mwembamba, mwenye sauti ya watu watatu. Mtoto wetu wa kwanza anaitwa Jeanine, kwa hiyo mimi nilimwita Mama Jeanine na yeye akaniita Papa Jeanine, hata tukiwa wawili tu na tumekasirika. Patron alituchukua pamoja: mimi kulinda, kufagia na kupokea wageni, Sifa kufua mashuka na kusugua sufuria. Tulipewa chumba nyuma ya tanki.

Aliyenifundisha kazi ni Tonton Mathieu, mlinzi aliyekuwa pale kabla yangu, mtu wa mguu mmoja mfupi na maneno mafupi zaidi. Siku ya kwanza alinipa fagio la vijiti vya mchikichi, akaniambia nitoe mchanga sebuleni. Niliutoa wote, nikajivuna. Yeye akaingia kutoka ufukweni, akapita katikati ya chumba akiburuta mguu, akatoka mlango wa pili. Nikageuka, mchanga umerudi.

"Umeona?" akasema. "Muchanga haiishake. Fagia asubuhi, fagia saa kumi. Ukifagia mara ya tatu, utakuwa wazimu."

Nimefagia mara mbili kwa siku miaka kumi na saba, na akili yangu ni nzima, kwa kadiri ninavyojua.

Alinifundisha funguo. Ziko tatu kwenye kamba. Moja inafungua mlango. Mbili hazifungui kitu chochote, ni za kumtuliza mgeni, kwa sababu mtu wa mjini akipewa ufunguo mmoja tu, hapati usingizi. Alinifundisha jiko la makala, yaani makaa. Wengi wanaokuja wana gesi nyumbani, au wana mtu wa kuwawashia, na baba wa familia akifika ng'ambo anataka kuonyesha kwamba alizaliwa kijijini. Usimkimbilie. Simama mbali, mwache ashindwe mara mbili, kisha kohoa. Ukikohoa mara ya kwanza atakwambia hana shida. Subiri mke wake atoke nje, kohoa tena. Hapo atakuita mwenyewe. Mmoja hatukumwahi: alimwagia makala petroli, akarudi mjini bila nyusi. Watoto wake walifurahi kuliko siku zote za likizo.

Jambo lililonitatiza mapema ni mamba. Kila mgeni anauliza. Patron alikuwa ameniagiza nijibu "hapana" na kutabasamu. Nilijaribu mbele ya kioo cha chumbani, nikaona uso wa mwizi. Kwa hiyo mgeni wa kwanza aliponiuliza, "Papa, mamba iko hapa?" nilimjibu: "Mwaka huu sijamwona." Ilikuwa kweli tupu. Patron alinikaripia, lakini tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyeingia majini kupita magoti, na katika miaka yangu yote hakuna aliyezama. Endeleeni kusema hivyo. Mkimwona, badilisheni mwaka.

Sasa sheria. Patron alikuwa na sheria moja tu nzito: mlinzi hampikii mgeni. Kabla ya Tonton Mathieu kulikuwa na mlinzi ambaye mke wake alipika vizuri. Wageni walikaa tu wakisubiri sahani, wakaja na marafiki, marafiki wakaja na bia, na ndani ya msimu mmoja nyumba ya familia ikawa nganda, yaani baa ya samaki na muziki mpaka majirani wakalalamika. Patron aliwafukuza wote, mlinzi, mke na spika zake. "Hapa haiko nganda," alituambia siku tunaingia. "Kama nitasikia mulipikia mugeni, mutaenda. Wote wawili. Siku ile ile." Sisi hatukuwa na pengine pa kwenda. Nyumba ya kupanga ya Mangobo, mjini, tulikuwa tumeirudisha kwa mwenyewe, na watoto walikuwa bado shule.

Ili sheria ijulikane, patron alileta fundi wa rangi kutoka Mangobo aandike kibao kikubwa cha kuonekana kutoka majini. Alitaka Kiswahili cha shule, si chetu cha mtaani. Fundi alianza kwa herufi kubwa mno, mbao ikamwishia, akaacha herufi moja akidhani haina kazi. Kibao kikasomeka: HAPA WAGENI WANAJIPIKA. Wiki nzima wapiga makasia walipunguza mwendo mbele yetu.

"Papa Anaclet, leo banajipika bangapi?"

"Banaiva lini?"

Mke wa mchungaji mmoja alikataa kabisa kushuka mtumbwini. Patron alimrudisha fundi, naye akaichomeka ile herufi kati ya wenzake, nyembamba kama mguu wa mbu. Mpaka leo, jua likiwa kali haionekani, na wageni wanajipika tena.

Sheria hiyo mimi niliielewa. Sifa hakuielewa hata siku moja. Kwao, mgeni akifika, hata akiwa mbaya, kitu cha kwanza kinachomkuta ni sahani. Kumwona mtu ametoka mtumbwini na watoto wenye njaa, anahangaika na makala, na wewe umekaa nyuma ya tanki unakula lituma yako ya ndizi za kupondwa, kwake hiyo ilikuwa aibu ya kuwasimulia watoto ukubwani. Wiki ya kwanza alivumilia. Wiki ya pili alisimama mbele ya kibao, akakisoma taratibu kwa kidole.

"Papa Jeanine, hapa banasema bageni banajipikia."

"Ndiyo."

"Haisemi batu bengine basibapikie."

"Mama Jeanine. Patron alisema kwa mdomo."

"Kwa mudomo iko kwa mudomo. Mimi nasoma kibao."

Njia aliyoipata ni hii. Siku wageni wanafika, baada ya saa moja hivi, alikwenda barazani na bakuli tupu. "Karibuni sana. Minaomba chumvi kidogo tu, yetu imeisha." Hakuna mgeni anayenyima chumvi. Wakampa. Akapeleleza sufuria yao inavyoungua, akahesabu vichwa vya watoto, akaondoka. Jioni kabla ya jua kuzama akarudi na bakuli lililofunikwa: samaki wa liboke, aliyefungwa kwenye majani na kuchomwa, moto bado, na pilipili imetengwa pembeni isiwaunguze watoto.

"Nimerudisha chumvi," anasema.

"Iko wapi, mama?"

"Iko ndani ya samaki."

Mimi sikuambiwa, na sikuuliza. Harufu ya majani ya liboke ilipoanza kutoka nyuma ya tanki, nilikwenda ufukweni kuukagua mto. Niliangalia kina. Niliangalia mkondo. Mto ulikaguliwa sana miaka ile. Patron alikuwa anakuja Jumapili, ananusa hewa.

"Hapa iko nanuka samaki."

"Ndiyo, patron. Samaki."

"Nani anapika?"

"Sijaona, patron."

Kweli sikuwa nimeona. Macho yangu yalikuwa safi kabisa. Lakini nilijua vizuri kwa nini yalikuwa safi, na usingizi wangu wa Jumapili ulikuwa mbaya. Nilimwambia Sifa hivyo. Akanijibu kwamba usingizi wa Jumapili unaharibiwa na maharage.

Tukaenda hivyo miaka saba.

Mwaka wa nane, maji yakiwa yameshuka vizuri, ilikuja familia kutoka Isiro: Monsieur Célestin, mtu wa ofisi, suruali ina mikunjo hata mchangani, mke wake, Madame Régine, mpole, na watoto watatu, wa mwisho ni msichana wa miaka saba, Merveille. Walifika Jumanne jua likiwa limeshazama. Chumvi ikaombwa. Jumatano jioni ikarudishwa, safari hii ndani ya ngolo, samaki mkubwa mwenye masharubu. Alhamisi asubuhi nikiwa nafagia, nikasikia mtoto anatapika. Alikuwa Merveille, amejikunja kama uduvi.

Sifa alichanganya maji, sukari na chumvi, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Muuguzi wa kituo cha jirani akaja, akambonyeza tumbo, akasema hakuna hatari, amekula kitu kilichomshinda. Ilipofika mchana mtoto alikuwa anacheza. Lakini baba yake alikuwa ameshampigia patron simu asubuhi, wakati hofu ilikuwa juu. Nilisikia kila neno kutoka barazani: "Mutoto amekula samaki ya hapa, patron! Samaki ya ku bakuli! Na kibao yenu inasema tujipikie!"

Patron alijibu kwamba atakuja Jumamosi saa nne, na kwamba sisi wote tuwepo.

Sifa alikaa kwenye kizingiti cha chumba chetu. Mwishowe akasema: "Jumamosi atakuuliza."

"Ataniuliza."

"Utasema nini?"

Sote wawili tulijua mimi nikoje.

Ijumaa asubuhi na mapema alivuka kwenda sokoni mjini, kama kila Ijumaa. Mimi nikabaki kubadilisha mashuka. Chini ya kitanda cha watoto, nyuma kabisa ukutani, fagio likagonga bati. Nikalivuta: kopo la maziwa ya unga, kubwa, tupu, na ndani yake kijiko, kile cha kumi na mbili katika vijiko vya nyumba, ambacho nilikuwa nakitafuta tangu Jumatano. Merveille alikuwa amesimama mlangoni.

"Yote?" nikamwuliza.

"Kidogo ilikuwa ya mukubwa wangu."

"Bila maji?"

"Kavu iko tamu zaidi." Macho yakamjaa. "Papa Anaclet, usiseme. Papa atanipiga."

Nilikaa chini kwenye mkeka ili tulingane. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi nina ugonjwa, siwezi kufunika jambo, likinifika mdomoni linatoka. Lakini miguu yangu ni ya mzee, haina haraka. Naweza kufika kwa baba yake kesho, na yeye miguu yake ni mipya, anaweza kufika leo. Akafikiri. Akachukua kopo, akaenda nalo barazani amelikumbatia. Hakupigwa. Monsieur Célestin alilitazama kopo, akamtazama mtoto, akaanza kucheka peke yake, kisha akaona haya kwa sababu ya ile simu.

Kwa hiyo Jumamosi patron aliposhuka mtumbwini na miwani yake ya jua, samaki wetu alikuwa ameshasafishwa jina. Tulikaa barazani. Monsieur Célestin alianza kabla hajaulizwa. "Patron, mutatusamehe. Kosa iko yetu. Mutoto alikula maziwa ya kopo nzima. Samaki haina kosa yoyote. Samaki ilikuwa muzuri sana, kabisa."

"Bon," patron akasema. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, taratibu. "Mutoto amepona, namushukuru Mungu. Lakini ile samaki. Nani aliipika?"

Sifa alikuwa amesimama kwenye ngazi na beseni la mashuka. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo, lakini Monsieur Célestin akanitangulia.

"Ni bibi yangu alipika," akasema. "Régine. Alinunua ku bavuvi."

Madame Régine, ambaye nilimwona kwa macho yangu akiunguza maji ya chai, akainua kichwa bila kupepesa. "Ndiyo. Ni mimi. Na majani."

Nataka mwelewe hali ilivyokuwa. Mgeni ametutetea kwa uongo mzuri kabisa, uliofungwa vizuri kama liboke. Patron ameusikia. Hakuna aliyeniuliza mimi chochote. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa tu na kuuangalia mto, kazi niliyoifanya miaka saba. Watoto wetu wangeendelea na shule. Sifa angeendelea kuomba chumvi. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa kama ukuta, sikuweza kusoma kitu.

Nikasema: "Hapana, patron. Madame hakupika. Ni mke wangu."

Monsieur Célestin alifunika uso kwa kiganja. Beseni la Sifa likashuka ngazi moja.

"Tangu lini?" patron akauliza.

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Na weye kila siku unaniambia hujaona."

"Nilikuwa nageuza kichwa, patron. Makusudi. Hiyo pia ni uongo. Mtu wa kufukuza ni mimi, yeye alikuwa anarudisha chumvi tu."

"Anarudisha nini?"

Nikaeleza habari ya chumvi. Yote. Nilipomaliza, patron aliinuka, akazunguka nyuma ya tanki hadi kwenye jiko letu. Tulisikia kifuniko cha sufuria. Niliposogea, nilimkuta amesimama anakula lituma yetu ya mchana kwa mkono, na miwani iko kichwani.

"Sahani ya kwanza," akasema akiwa bado anatafuna, "ile siku bageni banafika, mama anaweza kupika. Ya pili, bajipikie. Hapa haiko nganda." Akanawa, akapanda mtumbwi, akaenda.

Niliduwaa. Nilikuwa nimejiandaa kufunga mizigo. Nilimshukuru Mungu kwamba siku hiyo tulipika lituma na si wali, nikaamini kabisa kwamba ndizi ndizo zilizotuokoa.

Sifa hakuzungumza nami siku mbili. Siku ya tatu, Jumatatu, wageni wakiwa wameondoka, alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria zao. Hapa ndipo nawaambia kuhusu vyombo. Mgeni anayejipikia anaunguza, na anayeunguza haoshi. Anaweka maji ndani, anasema "iloane," anarudi kwao. Kila Jumatatu kuna sufuria tano au sita zenye kitu cheusi chini kigumu kama lami. Unasugua kwa jivu na mchanga, kwa makapi ya chikichi, mpaka kucha zinalia. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote pale, na ilikuwa yake.

"Umeniuzisha," akasema, bila kunitazama. "Mbele ya bageni."

"Mama Jeanine, mimi..."

"Na hakuna mutu alikuuliza! Ule Monsieur mutu wa Isiro, hatujui hata kabila yake, alinificha. Bwana yangu mwenyewe akanitoa kama panya."

Nilichukua sufuria mkononi mwake, nikasema: "Hizi, kuanzia leo, ni zangu."

"Zote?"

"Zote."

"Kila Jumatatu?"

"Kila Jumatatu."

Akainuka, akanyoosha mgongo, akaenda kukaa kwenye kivuli cha tanki. Nilisugua sufuria za wageni miaka tisa. Mara nyingine alikuja kunionyesha nilipoacha. "Pale. Hapana, pale. Ile iko nyeusi bado." Kama nikilalamika, alipumua tu kwa huzuni na kutazama mbali, nami nikaongeza jivu. Sikumwuliza kama amenisamehe. Niliogopa atajibu.

Mwaka jana aliugua. Mwanzo tulisema ni malaria. Sitaandika sana hapa. Alikuwa hospitalini mjini, chumba cha vitanda sita, na mimi nilivuka kila siku kumpelekea uji. Alasiri moja, jua limeingia dirishani mpaka kwenye shuka lake, akaniita nisogee.

"Papa Jeanine. Ile Ijumaa sikwendaka ku soko."

"Ijumaa gani?"

"Ya maziwa ya kopo. Nilienda ku magazini ya patron. Nilimwambia yote, mimi mwenyewe. Samaki, chumvi, miaka yote."

Nilimtazama. Alikuwa amekonda hata pete ilikuwa imefungwa kwa uzi, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Akasema nini?"

"Akasema: 'Mama, asante. Sasa usimwambie bwana yako kitu. Jumamosi nitauliza. Kama atasema kweli, mutabakia. Kama atakuficha, mutaenda, kwa sababu mulinzi mwenye anajua kudanganya muzuri, siku moja atanidanganya na mimi.'"

"Basi wewe ulikuwa unajua. Pale kwenye ngazi."

"Nilikuwa najua. Nilikuwa nasema, Anaclet wangu atasema tu, hana akili ingine." Alipumzika kidogo. "Lakini ule Monsieur akasema ni bibi yake alipika! Na bibi yake akaitika! Moyo yangu ikasimama. Nikasema, eh Mungu, miaka yote hii, na leo ndiyo ile siku huyu mwanaume atajifunza uongo."

Beseni lile lililoshuka ngazi, kumbe. Nilikaa pale nikilifikiria beseni lile.

"Na sufuria?" nikasema. "Miaka tisa, Mama Jeanine!"

"Sufuria uliomba mwenyewe."

"Uliniambia nimekuuza!"

"Nilikuwa na hasira ya siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa imeisha. Lakini ulikuwa umeshaikamata ile sufuria na mikono yote mbili," akasema, "na ulikuwa unasugua muzuri kunipita."

Nilicheka mpaka muuguzi akanitoa nje, kwa haki kabisa, kwa sababu kulikuwa na wagonjwa. Niliporudi alikuwa amelala, na mdomo wake ulikuwa umeshiba. Alituacha siku nne baadaye, asubuhi. Patron alikuja kwenye matanga, akakaa nami kwenye kiti cha plastiki saa nzima. Nilimwuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli, na kwamba siku ile Sifa alikuja magazini na bakuli lililofunikwa.

Baada ya matanga nilirudi kazini, nikamaliza msimu huu mmoja. Sahani ya kwanza sikuweza kuipika. Nilipeleka ndizi za kuchoma, wageni walishukuru kwa adabu. Jumatatu nilisugua sufuria, ingawa sasa nilijua sikuwa na deni lolote. Kila Jumatatu niligombana naye. Nilimwambia wewe ni mwizi, umeniibia miaka tisa, rudi hapa usugue. Nilisimama na jivu mikononi nikisubiri anionyeshe mahali ambapo bado ni peusi, na sufuria ikabaki nyeusi, kwa sababu peke yangu sipaoni.

Patron aliponiuliza kwa nini naacha, nilimwambia ni mgongo. Akaamini, kwa kuwa nilikuwa mimi. Mgongo wangu hauna neno. Espérance, hilo ndilo neno la uongo nililolisema katika kazi hii, na nimeliandika hapa kwa sababu najua patron hukaa barazani Jumapili na kusoma chochote anachokikuta mezani. Liache daftari wazi kwenye ukurasa huu.